Mchango wa Wengi, Hesabu ya Mmoja Mmoja

Wasomaji wapenzi, liko neno moja fupi ambalo sote twalitumia sana tunapojitetea mbele ya dhamiri zetu. Neno lenyewe ni "tu". Nilitoa mchango tu. Nilikwenda kutazama tu. Nilinyamaza tu, kwani wote walinyamaza. Ni neno la herufi mbili, lakini wengi wetu tumejificha nyuma yake kama Adamu alivyojificha kati ya miti ya bustani. Naye Adamu, alipoulizwa, hakukosa mtu wa kumtupia lawama.

Juma hili twapenda kulipima neno hilo katika mizani ya imani. Na ili tusiseme maneno ya hewani, tutakwenda katika nchi ya Buha, katika vilima vya Kasulu na misitu ya Kibondo, mkoani Kigoma. Hatuendi huko kwa kuwa watu wake ni wakosefu kupita wengine. Twaenda kwa kuwa huko swali letu limeulizwa waziwazi, tena zaidi ya mara moja: Je, mtu aliyekosa pamoja na wengi, amekosa kweli? Na mtu aliyeachwa peke yake, aweza kweli kuwa mwaminifu?

Miaka hii ya karibuni mkoa wa Kigoma umesumbuliwa na makundi ya waganga yaitwayo kamchape, au kwa jina lingine lambalamba. Hao huingia kijijini wakidai kwamba wana uwezo wa kuwafichua wachawi na kuchimbua hirizi zilizofichwa majumbani. Jambo hili si geni. Katika miaka ya 1930 watu wa namna hii, walioitwa mchape, walitoka Nyasaland wakaenea katika nchi za jirani. Na katika miaka ya 1963 na 1964 kamchape walizunguka Ufipa kijiji kwa kijiji. Majina hubadilika kidogo, lakini kazi ni ile ile: kumtafuta mtu mmoja wa kubebeshwa msiba wa wote. Serikali nayo imeikataza kazi hiyo tangu zamani. Sheria ya Uchawi, ambayo asili yake ni ya mwaka 1928, inahesabu kuwa ni kosa kumsingizia mtu uchawi.

Basi tuchukue mfano, bila kutaja kijiji wala mtu. Watoto wawili wamekufa katika mwezi mmoja. Mkutano umeitishwa chini ya mwembe. Mmoja asimama na kusema kwamba kijiji kimeharibika, nacho hakina budi kusafishwa. Mwingine aitikia. Yaamuliwa kwamba kila kaya itoe shilingi elfu mbili ili waganga waitwe. Katika mkutano huo yumo baba mmoja Mkristu, mwenye ndoa takatifu, mwimbaji wa kwaya katika kigango chake. Anaijua amri ya kwanza ya Mungu, anaijua na ya tano, na ile ya nane inayokataza kumshuhudia jirani uongo. Moyoni mwake hapendi. Lakini anawatazama walioketi kulia kwake, anawatazama walioketi kushoto, kisha anatia mkono mfukoni. Baada ya siku chache waganga wafika. Wanaingia katika ua wa mama mjane, mzee asiye na mtoto wa kiume wa kumtetea. Wanafukua sakafu, wanavunja vyungu, wanatoa kitu walichokuja nacho wenyewe, wanakiinua juu, nao umati wapiga kelele. Usiku ule mama yule analala katika shamba la muhogo. Jumapili baba yetu yuko kanisani, anaimba. Ukimwuliza habari ya mjane atajibu kwa huzuni ya kweli: "Mimi nilitoa mchango tu."

Tumjibuje ndugu huyu? Kwanza tufanye hesabu pamoja naye, kwani yeye mwenyewe ameifanya hesabu moyoni na kuikosea. Kaya zilikuwa mia mbili. Kila moja ilitoa elfu mbili. Jumla ikawa shilingi laki nne. Yeye aona kwamba katika laki nne fungu lake ni dogo sana, basi na katika dhambi fungu lake ni dogo kadiri hiyo hiyo, yaani sehemu moja tu ya mia mbili. Hapo ndipo kosa lilipo. Fedha hugawanyika, dhambi haigawanyiki. Ukiwagawia watu mia mbili mkungu mmoja wa ndizi, kila mmoja atapata kipande. Lakini watu mia mbili wakikubali uongo mmoja, kila mmoja amekubali uongo mzima. Mama yule hakuwa na adui nusu au robo katika kila nyumba. Katika kila nyumba iliyotoa alikuwa na mtu aliyemtoa.

Kanisa lafundisha hivyo tangu zamani, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 yalikariri fundisho hilo: dhambi ni tendo la mtu mwenyewe, walakini twashiriki pia dhambi za wengine tunapozisaidia kwa hiari, tunapoziamuru au kuzisifu, tunapokaa kimya hali tulipaswa kuzizuia, na tunapowaficha watendao. Angalieni, ndugu wapenzi: aliyenyamaza amehesabiwa pamoja na aliyeshangilia. Si kwamba makosa yote yana uzito mmoja mbele ya Mungu, la. Aliyefukua sakafu ana hesabu yake, aliyepiga kelele ana yake, na aliyetoa elfu mbili ana yake. Tunalosema ni hili, kwamba hakuna hata mmoja aliye na karatasi tupu.

Twajua kwamba wengine wataleta methali. Wazee wetu walisema, kifo cha wengi ni harusi. Tena walisema, wengi wape. Methali hizi zina busara yake mahali pake: msiba ulioshirikiwa huwa mwepesi, na katika mambo ya kawaida ya kijiji, kama njia ipite wapi au soko liwe siku gani, si vema mmoja kuwashinda wengi kwa ukaidi. Lakini methali haikupewa mamlaka ya kusamehe dhambi. Siku za Nabii Ezekieli wana wa Israeli nao walikuwa na methali yao, ambayo kwayo waliwatupia baba zao lawama ya makosa yao wenyewe. Mungu akamtuma nabii kuwaambia kwamba methali hiyo haitatumika tena, kwa maana kila roho ni mali yake, na roho itendayo dhambi ndiyo itakayojibu. Baba hatajibu kwa ajili ya mwana, wala mwana kwa ajili ya baba. Basi ikiwa baba hawezi kujibu kwa ajili ya mtoto aliyemzaa, mkutano wa chini ya mwembe utajibuje kwa ajili yako?

Lakini kuna pingamizi kubwa kuliko methali, nalo ni la haki, hatutalipita upesi. Ndugu yetu aweza kusema: "Ninyi mnaandika mkiwa mezani. Sisi tunakaa huku. Asiyetoa mchango huulizwa kwa nini hakutoa. Na akiulizwa mara ya pili, yeye ndiye mchawi. Nina watoto. Je, Mungu ataka nyumba yangu ichomwe moto?" Maneno haya ni mazito. Mwenye kuyacheka hajapata kuogopa. Kanisa halisemi kwamba hofu si kitu. Lafundisha kwamba hofu, kutokujua na kulazimishwa hupunguza lawama ya mtu, na mara nyingine huiondoa kabisa. Padre muungamishi alijua hilo kabla yetu, na Mungu alilijua kabla ya padre.

Lakini yatupasa kutofautisha mambo mawili. Hofu yaweza kupunguza lawama. Haiwezi kuugeuza uongo uwe ukweli, wala kumrudishia mjane sakafu yake. Tena hofu ya leo haitoi ruhusa ya kesho. Aliyetoa mchango kwa kutetemeka leo, bado ana kazi asubuhi: atamfuata mama yule shambani au hatamfuata? Atawaambia watoto wake kwamba mama yule si mchawi, au atawaacha wakue wakiamini uongo? Hapo hakuna aliyemshikia panga. Wengi wetu hatukuanguka pale tulipotishwa. Tulianguka siku iliyofuata, tulipokuwa huru kuinuka tukaona afadhali kulala.

Je, twafundisha basi kwamba kila mtu akae peke yake na Mungu wake, asiwajali wenzake? Hasha. Ubinafsi haukutoka katika Injili, wala haukutoka katika desturi zetu. Mtume Paulo, katika sura ya sita ya waraka wake kwa Wagalatia, atuagiza tuchukuliane mizigo. Na mistari michache tu mbele, katika sura ile ile, asema kwamba kila mmoja atauchukua mzigo wake mwenyewe. Msomaji wa haraka atadhani Mtume amejipinga. Hakujipinga. Mke wa jirani akiwa mgonjwa, nitamkatia kuni, nitamtekea maji, nitampalilia maharage yake. Mizigo hiyo yachukulika. Lakini siwezi kumwamini Mungu badala yake, siwezi kutubu badala yake, wala siwezi kusema "ndiyo" au "hapana" iliyo yake. Mizigo ya kwanza ni ya mapendo. Mzigo wa pili ni wa nafsi. Kijiji chema husaidiana mizigo ya kwanza. Kijiji kibaya humwambia mtu: "Tupe na ule wa pili, tutakubebea." Siku ya hukumu kijiji hicho hakitaonekana.

Sasa tulitazame swali letu la pili: mtu aweza kweli kusimama peke yake? Historia ya Kanisa katika nchi zetu yajibu kwamba aweza. Mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe ulitoka Bagamoyo. Ulipofika Tabora uligawanyika: wengine wakashika njia ya Ujiji, wakafika huko Januari 1879, wengine wakapanda kaskazini hata Uganda, wakafika mwezi uliofuata. Kwa hiyo imani ya Kigoma na imani ya Uganda ni kama watoto wa msafara mmoja. Na huko Uganda lilitokea jambo ambalo kila mlei yampasa kulijua. Mwezi Novemba 1882, Mapadre walilazimika kuondoka. Wakavuka ziwa kwenda kusini, upande wa Usukuma, wala hawakurudi ila mwezi Julai 1885. Karibu miaka mitatu hapakuwa na Misa, hapakuwa na kitubio, hapakuwa na padre wa kuuliza. Waliobaki walikuwa Wakristu wachanga kabisa. Yosefu Mukasa Balikuddembe, Andrea Kaggwa na Matia Mulumba Kalemba walikuwa wamebatizwa katika mwaka ule ule wa 1882. Maji ya ubatizo yalikuwa hayajawakauka vichwani.

Wangaliweza kusema: "Wenye dini wameondoka nayo." Hawakusema hivyo. Kila mmoja mahali pake, huyu katika jumba la mfalme, yule nyumbani kwake, mwingine shambani, aliendelea kusali na kuwafundisha wengine yale machache aliyoyajua. Mapadre waliporudi waliwakuta wasomaji wengi kuliko wale waliowaacha. Kumbe dini haikuwa imefungwa katika sanduku la padre.

Tena mtazameni huyo Balikuddembe. Mwezi Oktoba 1885, Askofu Hannington wa Kanisa la Kiingereza aliuawa Busoga kwa amri ya Mfalme Mwanga. Balikuddembe alikuwa mkubwa wa watumishi wa jumba la mfalme. Aliyeuawa hakuwa ndugu yake, hakuwa mtu wa kabila lake, wala hakuwa wa Kanisa lake. Amri haikutoka kwake, wala mkono uliotenda haukuwa wake. Kama yupo mtu aliyekuwa na haki ya kusema "mimi sikuhusika", ni yeye. Lakini alijua kwamba mtu awezaye kusema naye akanyamaza, ukimya wake huhesabiwa. Akamkemea mfalme kwa kumwua mtu asiye na hatia. Tarehe 15 Novemba 1885 alikatwa kichwa. Kabla ya kufa alituma neno kwa Mwanga, kwamba amemsamehe, lakini na atubu. Na baada yake, tarehe 3 Juni 1886, Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo. Baba Mtakatifu Paulo wa Sita aliwatangaza Mashahidi 22 wa Uganda kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Twawaheshimu kwa kuwa walikufa vema. Tusisahau kwamba kabla ya hapo waliishi karibu miaka mitatu bila padre wa kuwaongoza, wala hawakuona udhuru katika hilo.

Buha nayo ilipata jaribu lake la upweke, ijapokuwa halikuandikwa vitabuni kwa wino mwekundu. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda chombo cha kuandikisha wafanyakazi, kilichoitwa SILABU. Na Waha wengi wa Kasulu na Kibondo walikwenda kwa njia hiyo, wakapanda gari moshi Kigoma, wakapelekwa mbali katika mashamba ya mkonge ya upande wa Tanga. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Kijana aliyezoea kengele ya misheni, sauti ya katekista na jicho la mama yake, alijikuta katika kambi ya watu asiowajua, na mshahara mkononi, na pombe mlangoni, na mkewe yuko mwendo wa siku nyingi. Hakuna aliyemwuliza kama amesali. Hapo ndipo ilipojulikana kama imani ilikuwa yake au ilikuwa ya kijiji. Wamo waliorudi na rozari zao zimechakaa kwa vidole. Wamo waliorudi bila rozari. Na wamo wasiorudi kabisa, wakaacha nyumbani mke aliyengoja hata uzee. Katika daftari la shamba mtu yule alikuwa namba. Lakini Mungu hana daftari la namba. Anamwita kila mtu kwa jina lake, lile alilopewa siku ya ubatizo, nalo jina hilo halina "sisi" ndani yake.

Leo manamba wa mkonge wamekwisha, lakini vijana wa Kasulu na Kibondo bado wanasafiri: kwenda Dar es Salaam, kwenda machimboni, kwenda vyuoni. Wazazi huwapa nauli na simu. Je, wamewapa imani inayoweza kusafiri bila kengele?

Tuvuke sasa mpaka, kwa maana Buha na Burundi ni majirani wa kusikiana. Watu wa Kasulu na Kibondo wanalijua jambo hili kwa macho yao: mwaka 1972, tena mwaka 1993, tena mwaka 2015, Warundi walivuka kwa maelfu wakikimbia kifo, na kambi kama Mtabila na Nduta zilijaa watu. Katika vita ile iliyoanza mwaka 1993, alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, waasi waliingia katika Seminari Ndogo ya Buta, jimbo la Bururi, kusini mwa Burundi. Waliwakuta vijana katika bweni. Wakawaamuru wajitenge: Wahutu upande huu, Watutsi upande huu. Amri ile ilikuwa nyepesi sana kwa miguu. Ilitaka hatua chache tu. Kijana wa kabila lisilotafutwa hakuambiwa aue. Hakuambiwa amtukane rafiki yake, wala amkane Kristu. Aliambiwa asogee tu. Vijana wale walikataa kusogea. Wakauawa 40, wa kabila hili na la lile pamoja, na walionusurika wameshuhudia kwamba katika kufa walikuwapo waliowaombea msamaha wauaji wao. Mwaka 2019 Kanisa la Burundi lilianzisha rasmi kesi ya kuwaombea watangazwe wenye heri.

Mtu atasema: "Hao walisimama pamoja, basi ni kundi lililowaokoa imani yao." Ni kweli kwamba walisimama pamoja, na twamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini tufikiri vizuri. Kundi haliwezi kukataa. Wanaokataa ni watu. Katika giza lile kila kijana alikuwa na miguu yake miwili, na hakuna aliyeweza kuizuia miguu ya mwenzake. Ile "hapana" moja tuliyoisikia ilikuwa "hapana" nyingi, kila moja imetoka katika moyo wake. Hapo twaona umoja wa kweli ulivyo. Umati wa chini ya mwembe ni wengi waliojificha kila mmoja nyuma ya mwenzake. Udugu wa Buta ni wengi ambao kila mmoja alijitokeza mbele kwa ajili ya mwenzake. Kwa nje yote mawili ni watu wengi mahali pamoja. Mbele ya Mungu yametengana kama usiku na mchana.

Tena ushujaa ule haukuzaliwa alfajiri ile. Gombera wao, Padre Zacharie Bukuru, kwa miaka ile ya vita alikuwa amewazoeza kusali pamoja na kusemezana wazi juu ya chuki iliyokuwa nje ya ukuta wao. Hili ndilo tunalotaka kulikaza. Mtu hawezi kusema "hapana" kubwa siku ya hatari ikiwa hajasema "hapana" ndogo ndogo siku za amani. Anayesali kwa kuwa kwaya yaimba, siku kwaya itakapoimba jingine ataimba nalo. Anayekwenda Misa kwa kuwa jirani amempitia, siku jirani atakapompitia kwenda kwa kamchape atakwenda pia. Bali yule anayepiga magoti peke yake jioni, taa imezimwa, hakuna amwonaye. Anayerudisha chenji iliyozidi dukani. Anayekataa kusengenya kisimani. Mtu huyo anajifunza polepole kusimama mbele ya Mungu bila shahidi. Siku atakapotakiwa kusimama mbele ya watu bila msaidizi, haitakuwa mara yake ya kwanza.

Basi, ndugu wapenzi, tufanye nini? Kwanza, kila baba na mama wa familia awafundishe watoto si sala tu, bali na sababu ya sala. Na mara kwa mara awaache waamue jambo dogo la wema wao wenyewe, ili "ndiyo" yao iwe yao. Pili, viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo wasingoje waganga wafike. Wakae sasa, wapatane kwamba mchango wa namna ile hautatolewa. Katika nyumba mia mbili, nyumba tano zikikataa kwa pamoja na kwa upole, hofu hupungua. Hiyo ndiyo kuchukuliana mizigo. Tatu, mtoto akifa, wawe wa kwanza kufika msibani, na waulize habari za maji, za malaria, za zahanati. Kwa maana uongo huingia mahali ambapo hakuna aliyekuja na ukweli wala faraja. Nne, wale wenye mamlaka katika kijiji waarifiwe mapema. Kumlinda asiye na hatia si kuwasaliti wenzako.

Na yule aliyekwisha kutoa? Kwake hatuna neno la kumvunja moyo. Petro naye alikana akiota moto pamoja na wengine uani, akalia, akasamehewa, akawa mwamba. Aende kuungama, na akifika huko aliache nje neno "tu". Aseme: nilitoa. Neno hilo likisemwa peke yake lauma, lakini ndilo linaloponya, kwa sababu Mungu husamehe dhambi zetu, hasamehi visingizio vyetu. Kisha akitoka huko asidhani kazi imekwisha. Dhambi iliyomvunjia mtu nyumba haitubiwi kwa sala peke yake.

Asubuhi moja achukue jembe na mzigo wa nyasi za kuezekea, apite katikati ya kijiji mchana watu wakimwona, aende katika ua wa mama yule, aseme hodi, amwombe radhi, akaanze kushindilia sakafu. Watu watauliza ni nani aliyemtuma. Hakutumwa na mkutano. Huenda siku ya kwanza atafanya kazi ile peke yake. Na afanye. Siku ya pili pengine atakuja mwingine na kamba, wa tatu na miti. Na hapo mchango mwingine utakuwa umeanza, ambao kila mmoja ameutoa akijua ni nini anachotoa.

Mashahidi watakatifu wa Uganda, mtuombee.